Shajara ya presi, Langoni, Lamu: joto la skrini na joto la kitambaa

Jumamosi, 2 Agosti

Jana alasiri mama mmoja wa Mkomani alirudi dukani na tisheti ya mwanawe. Hakugomba. Aliitandaza juu ya meza, akatia ukucha chini ya herufi ya kwanza ya jina la timu, akavuta kidogo, na herufi nzima ikainuka kama ganda la kitunguu. Tisheti imefuliwa mara 2 tu. "Mwanangu, mimi nilikulipa kazi nzima," akasema. Nikamrudishia pesa zake na kumwomba radhi. Lakini tisheti nyingine 11 za oda ileile zingali mitaani, na kila moja ina jina la duka langu kwa ndani ya ukosi.

Oda mpya imeingia wiki hii: tisheti 40 za vijana wa mbio za punda na mashabiki wao, kwa michezo ya Maulidi. Nimewaahidi kuzitoa kabla Agosti haijaisha. Siwezi kuzigusa mpaka nijue kosa liko wapi.

Mashine yangu, presi ya kubandika picha kwenye nguo kwa joto, ni ile inayofunguka kama kinywa cha chaza, kitanda cha sentimita 38 kwa 38, wati 1800, ya kufunga kwa mkono. Picha nazichapisha Mombasa kwenye filamu za DTF, yaani plastiki yenye picha na gundi ya unga nyuma yake, zinakuja kwa basi mpaka Mokowe, halafu zinavuka kwa boti. Kila furushi lina kikaratasi: digrii 160, sekunde 15, mkandamizo wa wastani, bandua ikipoa. Nilifuata maelezo hayo neno kwa neno, na ndiyo sababu jambo hili limenikaa kifuani. Ningekuwa nimekosea ningejua cha kurekebisha.

Kwa hiyo daftari hili. Sharti ni moja: nabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na naandika kabla sijasahau.

Jumapili, 3 Agosti

Kazi ya leo ilikuwa kujua bamba la juu lina joto gani kwa kweli. Ninacho kipima joto cha bunduki, kile kinachosoma miale kutoka mbali. Niliweka 160 kwenye skrini, nikaacha taa ya kuchemsha iwake na kuzima mara 3, kwa sababu mara ya kwanza joto hupitiliza ndipo lirudi. Kisha nikapima.

Katikati 154. Pembe ya nyuma, kulia, 150. Pembe ya mbele, kushoto, 139. Na mahali pamoja karibu na ukingo, pana kama kiganja cha mtoto, 97.

Hiyo 97 ilinishughulisha saa nzima. Nilidhani waya wa ndani umekatika. Nikadondosha tone la maji pale: likaruka na kupotea palepale, kama lilivyofanya katikati. Basi joto lipo. Nilipoinama na tochi nikaona: tefloni nyeusi imekwaruzika mahali hapo na alumini inang'aa wazi. Chuma kinachong'aa hutoa miale michache hata kikiwa cha moto, na bunduki husoma miale tu. Nikabandika kipande cha seloteipu ya karatasi pale palipokwaruzika, nikapima juu yake: 148. Anayenunua bunduki hii ajue hilo, asije akafungua mashine nzima bure kama nilivyokuwa karibu kufanya.

Lakini ile 139 ya pembe ya kushoto ni ya kweli, na jina la timu ile lilikuwa refu. Herufi yake ya kwanza ilikaa kwenye pembe hiyohiyo.

Nilipoketi kunywa kahawa nikahisi upepo miguuni. Mwezi huu ni kusi tupu, na uchochoro wetu unauvuta kutoka baharini hadi ndani ya duka. Presi imekaa mlangoni, ubavu wake wa kushoto ukitazama nje. Nikafunga mlango, nikasubiri robo saa, nikapima tena: 147. Digrii 8 zilikuwa zikichukuliwa na upepo.

Kesho presi inahamia chumba cha ndani.

Jumanne, 5 Agosti

Presi iko ndani, kati ya kuta mbili nene za mawe ya matumbawe, upepo haufiki. Ila soketi iko mbali, kwa hiyo niliivuta kwa ekstensheni ya zamani, mita 10, sehemu yake ikiwa bado imeviringwa. Mashine ikaanza kuchoka. Zamani nikibonyeza tisheti moja, skrini ilishuka mpaka 152 na kurudi 160 kabla sijamaliza kutandaza nyingine. Leo inachukua karibu dakika nzima.

Nikamwita fundi stima wa mtaani. Hakuangalia presi kabisa, alishika waya. "Shika na wewe," akaniambia. Ulikuwa wa moto, na pale ulipoviringwa ulikuwa wa moto zaidi. Akapima: soketini volti 224 presi ikiwa imezimwa, na mwisho wa ekstensheni presi ikichemsha, 198. Akanipigia hesabu kwenye ganda la sigara. Nguvu ya kuchemsha hupungua kwa kipeo cha pili cha volti: 198 ni sehemu 9 za 10 za 220, na 9 mara 9 ni 81. Presi ya wati 1800 inabaki na wati 1458. Skrini itafika 160 hata hivyo, lakini polepole, na mtu mwenye haraka atabonyeza tisheti ya pili bamba likiwa bado linajikokota.

Mtu huyo ni mimi, wiki ile ya oda ya timu. Nilipiga 12 mfululizo.

Ameniwekea soketi ya ukutani ya amperi 13 palepale ndani, kwa waya wa milimita za mraba 2.5, na ameniapisha kwamba pasi ya umeme na birika havitachomekwa hapo. Sasa volti hazishuki chini ya 217 na joto linarudi kwa sekunde 25. Nimeandika kwa kalamu nene juu ya presi: SUBIRI TAA IZIME.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimejifunza jambo kubwa kuliko yote ya wiki hii.

Mjomba wangu ni fundi cherehani, amepiga pasi kanzu kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Alipita kuniamkua, akanikuta nikitandaza tisheti na kuweka filamu juu yake moja kwa moja. Akaishika nguo kwa vidole viwili, akaisugua, akatikisa kichwa. "Nguo hii ina mayi. Toa mayi kwanda, ndipo utie dawa yako."

Nilimwambia ni mpya, imetoka kwenye plastiki. Akasema, "Imetoka plastiki, imeingia Amu," yaani Lamu.

Nilitaka kuona kwa namba. Sonara jirani yetu ana mizani inayosoma nusu gramu. Tisheti ya pamba, saizi ya kati: gramu 171. Nikaibonyeza kavu, bila filamu, sekunde 10 kwa 155, na kwa nuru ya mlango nikaona mvuke ukitoka pembeni kama pumzi. Nikaikimbiza kwenye mizani: gramu 165. Gramu 6 za maji, karibu kijiko na zaidi cha chai, zimetoka kwenye nguo ambayo mkono wangu uliiona kavu. Sonara mwenyewe akaomba niirudishe baada ya sala ya adhuhuri. Ilikuwa imefika 170. Saa moja na kitu tu hewani, na imeyanywa maji yake tena.

Pamba ndivyo ilivyo. Hata katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, na hewa yetu ya kusi ina chumvi na maji kupita hiyo ya kawaida. Poliesta hubeba chini ya asilimia 1, ndiyo maana jezi za mpira hazikunisumbua kwa namna hii.

Usiku nikaazima mita ya fundi stima, ile yenye waya mwembamba wa kupimia joto, nikaulaza waya kati ya kitambaa na filamu. Hapo ndipo niliposhika kalamu kwa haraka. Tisheti ambayo haijakaushwa: joto linapanda upesi mpaka 90 na kitu, halafu linasita. 98, 99, 101, 101, 102. Linasimama pale kama chungu kinachochemka, sekunde 5 nzima, maji yakimalizika, ndipo linapanda tena. Sekunde ya 15, kengele inalia, gundi iko kwenye 131. Tisheti iliyokaushwa kwanza: sekunde ya 6 imepita 130, sekunde ya 15 iko 149.

Gundi ya unga iliyo nyuma ya filamu sharti iyeyuke ikamatane na nyuzi. Isipoyeyuka sawasawa hulala juu ya nyuzi kama samli iliyoganda juu ya mkate. Huioni kwa jicho. Picha inang'aa, rangi ni nzuri, mteja anafurahi. Sabuni ndiyo inayosema ukweli.

Nilikuwa nikiwauzia watu samli iliyoganda.

Jumamosi, 9 Agosti

Mkandamizo. Presi yangu haina geji, ina skrubu tu kwa juu, na "wastani" ya kikaratasi ni ya mikono ya aliyeandika. Nimetumia karatasi: vipande 4 vya karatasi ya daftari, kimoja kila pembe, nusu ndani nusu nje, nikafunga presi ikiwa baridi na kuvuta kimojakimoja. Vya nyuma havikutoka, vimechanika. Vya mbele: cha kulia kigumu, cha kushoto kilichomoka kama barua kwenye bahasha.

Pembe ileile tena. Upepo kwa upande mmoja, mkandamizo kwa upande mwingine.

Mashine za kinywa huuma nyuma kwanza, hilo ni umbile lake, hasa ukiweka kitu kinene. Lakini kushoto na kulia hazifai kutofautiana. Kulikuwa na boliti moja chini ya kitanda iliyolegea, naona ni kwa kubebwa juu ya mkokoteni wa punda siku nilipoinunua. Nimeikaza. Vya mbele sasa vinatoka kwa shida sawasawa.

Namba yangu ya "wastani" naiandika hivi: kutoka pale bamba linapogusa tisheti, mizunguko 2 ya skrubu kwa kitambaa chembamba, 1 na nusu kwa kitambaa kizito. Mwenye mashine nyingine ahesabu yake.

Jambo la pili ni mishono. Ukosi, mshono wa bega, mfuko, vyote ni vinene kuliko kifua, na bamba likikalia mshono huacha bonde pembeni yake lisilokandamizwa. Sasa navisha tisheti kwenye kitanda ili mgongo uning'inie chini, na ukosi nauacha nje ya ukingo. Pasipowezekana, naweka kipande cha sponji ya silikoni chini ya picha, kikubwa kidogo kuliko picha, ili picha inyanyuke na mshono ubaki bondeni.

Jumanne, 12 Agosti

Majaribio yenyewe. Dada yangu alikata tisheti 2 zilizoharibika kuwa vipande, nami nikaomba wachapishaji waniletee mabaki ya filamu, alama ndogo za sentimita 3, rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu. Joto la skrini 150, 155, 160, 165, 170. Muda sekunde 8, 12, 15. Vyote vimekaushwa kwanza sekunde 8, vyote mkandamizo uleule, vyote vimebanduliwa baridi kabisa, mkono ukihisi bamba la kaunta na filamu kuwa na ubaridi mmoja. Vipande 15. Kila kimoja dada kakiandika nyuma kwa wino wa kufulia.

Kubandua ndiko kunakotaka subira. Filamu za aina hii zikiwa na joto, plastiki hunyanyuka na herufi, na mtu hudhani joto halikutosha, akaongeza, akaunguza. Nilibandua kimoja cha ziada mapema makusudi, sekunde 5 tu baada ya kufungua: ncha ya herufi A ilibaki kwenye plastiki. Ndugu yake wa joto lilelile aliyesubiri dakika moja na nusu alitoka safi, bila sauti.

Baada ya kubandua, bonyezo la pili, sekunde 8, kwa karatasi ya kuokea keki juu yake. Hili sikuwa nikilifanya. Kabla yake picha inang'aa kama plastiki na ukipitisha kidole unahisi ukingo wake. Baada yake mng'ao unatulia, mistari ya kusokotwa kwa pamba inaonekana ndani ya rangi, na kidole kinapita bila kujikwaa. Tofauti hii inaonekana hata kwa asiyejua kazi. Dada alishika viwili akiwa amefumba macho, akachagua bila kukosea.

Vipande vinalala siku nzima kabla ya kuguswa na maji. Gundi inataka kupoa na kukaza.

Alhamisi, 14 Agosti

Matokeo. Kufua mara 5 kwenye beseni, kusugua kwa mkono, sabuni ya unga, kuanika darini juani, kurudia.

150 kwa sekunde 8: imeanza kubanduka mara ya 2. 150 kwa 12: mara ya 4, pembeni tu. 150 kwa 15 imehimili, lakini ukivuta kitambaa kwa mikono miwili inapasuka nywelenywele. 155 kwa 12 imehimili, ukivuta unaona mwatuko mmoja mdogo. 155 kwa 15 sina neno, na 160 kwa 12 vilevile. 160 kwa 15 ni nzuri, ila kwenye kipande cha manjano hafifu kuna kivuli cha mraba. 165 na 170 zimeshika sana, lakini nyeupe ya picha imeanza kugeuka rangi ya maziwa yaliyochemka, na kwa 170 sekunde 15 kitambaa chenyewe kimeungua rangi na gundi imevuja nje ya herufi, mstari mwembamba unaong'aa.

Kwa hiyo kwa presi hii, chumba hiki, mwezi huu: kausha sekunde 8 mpaka mvuke uishe, 160 ya skrini ambayo ni kama 155 ya bamba, sekunde 12, subiri ipoe kabisa, bonyeza tena sekunde 8. Kwa manjano na nyeupe isiyo nyeupe kabisa, 155 kwa 15.

Namba zangu haziko mbali na za kikaratasi. Kikaratasi hakikunidanganya. Kiliandikwa kwa nguo kavu, bamba lenye joto moja na stima isiyoyumba, na mimi sikuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Jumapili, 17 Agosti

Kijana wa mpira alileta jezi nyekundu ya poliesta, anataka jina na namba 9 kwa rangi nyeupe. Nilimbonyezea jana jioni kwa vipimo vyangu vipya nilivyovionea fahari. Ilitoka nyeupe kama theluji ya friji. Leo asubuhi namba 9 ni ya waridi.

Nilikuwa nimelisikia jambo hili, sikuwa nimeliona. Poliesta hutiwa rangi kwa aina ya rangi ambayo ikipata joto hugeuka hewa bila kuwa maji kwanza. Ndiyo kanuni ileile ya sublimesheni, uchapaji wa kuhamisha rangi kutoka karatasi hadi kitambaa kwa joto, ila hapa inafanya kazi pasipotakiwa: rangi nyekundu ya jezi inapata moto, inatoka kwenye nyuzi, inapanda ndani ya gundi na weupe. Na haitoki yote kwa mara moja, inaendelea kupanda usiku mtu akiwa amelala. Nyekundu na maruni ndizo zenye sifa mbaya zaidi.

Nimemlipa jezi yake. Kwa poliesta ya rangi sasa naagiza filamu ya gundi ya joto la chini, inayoshika kwenye 130 kwa sekunde 10, yenye tabaka jeusi nyuma ya weupe la kuzuia rangi isipande. Ikikosekana, kazi naikataa, na namwambia mteja sababu. Kabla ya kubonyeza poliesta yoyote yenye rangi, naijaribu kwenye upindo wa ndani na kuiacha ilale usiku mmoja.

Kitambulisho cha nguo ndani ya ukosi siku hizi nakisoma kabla ya kuuliza saizi.

Jumatano, 20 Agosti

Fupi. Skuli moja inataka jezi nyeupe 6 za sublimesheni. Hii ni kazi nyingine kabisa: 200, sekunde 55, mkandamizo mwepesi, poliesta nyeupe tu, pamba haikubali. Unyevu hapa unapiga karatasi. Karatasi ya kwanza ilitoa madoa ya buluu, vijitone kama vya mvua ya rasharasha. Nimekausha karatasi sekunde 4 bila kuigusisha na bamba na nimebadilisha karatasi ya kufunika kila mara. Jezi zilizobaki ni safi. Karatasi zote sasa zinakaa kwenye ndoo yenye kifuniko, na mchele uliofungwa kwenye kitambaa ndani yake.

Jezi moja ilitoka na kivuli, maandishi mawili yakipishana nusu milimita. Karatasi ilisogea nilipofungua presi. Seloteipu ya kuhimili joto, pembe 2, imemaliza.

Jumamosi, 23 Agosti

Tisheti 40. Tulianza baada ya alfajiri, dada akitandaza na kukausha, mimi nikibonyeza. Kila tisheti inachukua karibu dakika 4 ukihesabu kupoa, lakini zinapoa juu ya meza 5 kwa 5, kwa hiyo mikono haikai bure. Kila ya 10 nilipima pembe ya mbele kushoto: 149, 150, 149.

Saa 3 na dakika chache, tisheti ya 27 ikiwa chini ya bamba, stima ikakatika. Presi ya mkono haijifungui. Skrini imezima, kipima muda kimezima, na bamba lingali na moto wake wote. Nilikuwa nimesikia mlio wa kuanza, na dada akasema kwa sauti, "Saba, nane," kwa sababu yeye huhesabu kimoyomoyo na mashine. Tukahesabu pamoja mpaka 12, nikafungua. Haikuungua. Lakini bonyezo la pili lilisubiri stima irudi, na ilirudi baada ya adhuhuri, na nguo ilikuwa imekwisha kunywa hewa tena. Niliikausha upya kwa nje na kuibonyeza. Sina uhakika nayo. Nimeishona uzi mwekundu ndani ya upindo ili niijue popote nitakapoiona.

Zilizobaki tulimaliza kabla ya magharibi.

Alhamisi, 28 Agosti

Zimetoka zote 40 leo. Kiongozi wa vijana alizihesabu moja moja juu ya baraza, kisha akavuta herufi ya kila moja kwa ukucha, maana habari ya mama wa Mkomani ilimfikia. Sikukasirika. Nilimpa na maelezo kwa mdomo: isifuliwe kabla ya kesho kutwa, igeuzwe ndani nje, maji ya baridi, pasi isipite juu ya picha. Tisheti yenye uzi mwekundu nilimwonyesha, nikamweleza yaliyotokea, nikamwomba ivaliwe na mtu atakayekubali kuniletea kila ikifuliwa. Akaichukua mwenyewe.

Zile 11 za zamani: nilizunguka na kuziomba, na 8 zimerudi. Kwa 5 ambazo herufi zimeinuka ncha tu, kukausha na kubonyeza upya kumezishika, nazo zimefuliwa mara 3 hapa kwangu bila neno. Tatu zilikuwa zimeingiwa na sabuni chini ya gundi, hazishiki tena. Hizo nazitengeneza mpya.

Jumamosi, 13 Septemba

Kiongozi amepita na tisheti ya 27. Imefuliwa mara 4, ina vumbi la punda na jasho, na amekuja nayo ikiwa mwilini. Nimeipima kwa ukucha pembe ya kushoto, kulia, chini ya mstari wa pili, kwenye mkia wa herufi Y ambao ni mwembamba kuliko yote. Mkia wa Y umeinuka upana wa punje ya mtama. Vingine vyote vimeshika.

Amevua, nimekausha sekunde 8, nimebonyeza 12, tumengoja ipoe tukinywa kahawa. Atarudi baada ya kufua mara ya 8.